"Inafaa Mtu Anaanza?": Historia Fupi ya Nduthi Niliyouza

Wiki tatu zilizopita niliweka picha nne za nduthi yangu mtandaoni. Yamaha R6 ya 2006, rangi ya buluu, tairi ya nyuma bado mpya. Bei 480,000, maongezi yapo. Chini ya picha nikaandika maneno ambayo kila mtu huandika: "Imetunzwa vizuri, haina shida, inafaa hata mtu anaanza."

Hayo maneno ya mwisho sikuyatunga mimi. Nilikuwa nimeyasikia 2023 kutoka kwa mse aliyeniuzia hiyo hiyo nduthi. Nilikuwa na miaka 21, nimeacha chuo semesta mbili nyuma juu ya fee, video zangu zimeanza kulipa kidogo, na mjomba amenikopea kwa sacco yake. Nikamuuliza huyo muuzaji swali moja tu: "Inafaa mtu anaanza?" Akacheka, akanipiga bega: "Wewe usiogope kuiwasha tu." Hakuuliza kama niko na leseni. Hakuuliza nimewahi kuendesha nini.

Miezi mitatu baadaye, Naivasha Road, karibu na steji ya 46 pale Kawangware, nilivunja mtulinga. Sikuwa hata nimepita kilomita 30 kwa saa. Mama mmoja aliingia barabarani na toroli la ndizi, nikashika breki ya mbele na nguvu zangu zote, tairi likakutana na mchanga, na kitu kilichofuata ni mimi kuangalia mawingu ya Kawangware nikiwa chini. Watu wa boda ndio waliniinua. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Bro, hii kitu hushikwa kama yai."

Sasa nilikuwa nauza. Na mtu wa kwanza kupiga simu alikuwa chali wa boda kutoka Makina, Kibera, miaka 21 kama mimi nilivyokuwa. Baada ya salamu akauliza swali lile lile, neno kwa neno.

Nilinyamaza. Nikamwambia nitampigia. Halafu nikafanya kile hufanya nikiogopa kujibu kitu: nikaenda kusoma. Hii post ndiyo nilichopata, pamoja na kilichotokea baadaye.

Kwanza, nduthi tunayoijua

Boda haikuanza na injini. Ilianza na baiskeli pale Busia, mpaka wetu na Uganda, miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda kulikuwa na kipande cha kutembea, na vijana wa baiskeli wakaanza kubeba watu na mizigo kukivuka. Wakiita abiria walipaza sauti kwa jina la Kiingereza la mpaka, mara mbili, na hapo ndipo neno "boda boda" lilizaliwa. Fikiria hiyo. Kazi inayolisha nusu ya plot yenu ilianza na mtu akikanyaga pedali.

Injini zilikuja polepole, halafu ghafla. Ghafla hiyo iko na mwaka: 2008. Serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya 250cc. Bei ikashuka, na Bajaj Boxer na TVS kutoka India zikamwagika nchini. Ulikuwa pia mwaka tunaotoka kwa vurugu za uchaguzi, mwaka ambao vijana wa Kibera waling'oa reli iliyopita katikati ya mtaa wao. Kazi hazikuwepo. Nduthi zikawepo. Hesabu ikajifanya yenyewe.

Na Kibera ilikuwa inaingoja mashine kama hiyo kwa karibu miaka mia moja. Mtaa ulianza mapema miaka ya 1900 kama makao ya wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles. Waliita mahali hapo "kibra", yaani msitu kwa Kinubi. Wakoloni waliwaruhusu kukaa lakini hawakuwapa hati za ardhi, na mahali ambapo watu hawana hati, serikali haina haraka ya kuchora barabara. Ndiyo maana hadi leo ukitoka Kibera Drive ukiteremka Gatwekera au Laini Saba unakutana na vichochoro, mitaro, ngazi za mawe na watoto. Gari haiingii. Boxer inaingia, na abiria, na mtungi wa gesi, na godoro juu.

Boxer ya 150cc iko na nguvu za farasi kama 12. Hiyo si udhaifu. Injini inavuta kutoka chini, haikimbii mbele yako, na ukikosea inakupea sekunde ya kutubu. Kiti kiko chini, mguu unafika. Ikianguka unanyoosha usukani kwa mkono na kazi inaendelea.

Kumbuka ule mstari wa 250cc wa 2008. Nitaurudia.

Sasa, nduthi niliyokuwa nauza

Hii nyingine ilizaliwa mbali sana na mitaro yetu.

Mwaka 1907, kwenye kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, watu walianza kushindana na pikipiki kwa barabara za kawaida. Yale mashindano, TT, yapo hadi leo na yameua watu wengi. Mwaka 1959 kampuni ya Kijapani ambayo wazungu wengi hawakuwa wanaichukulia serious ilienda huko na vipikipiki vya 125cc. Ilikuwa Honda. Mwaka mmoja tu kabla, 1958, hiyo hiyo Honda ilikuwa imetoa Super Cub, kale kanduthi ka kubeba mkate na barua ambako kufikia 2017 kalikuwa kametengenezwa zaidi ya milioni 100.

Angalia hapo vizuri, juu hapo ndipo njia mbili zinaachana. Kampuni moja, karibu mwaka mmoja: mkono wa kushoto unatengeneza nduthi ya kazi, mkono wa kulia unatengeneza nduthi ya mbio. Boxer ya Makina na R6 ya Kawangware ni watoto wa njia hizo mbili. Zote ziko na magurudumu mawili, lakini moja iliumbwa kumaliza siku na nyingine iliumbwa kumaliza mzunguko.

Baada ya hapo njia ya mbio ilienda kasi. Mwaka 1969 Honda walitoa CB750, silinda nne, farasi 67, na breki ya diski mbele. Mwaka 1985 Suzuki wakatoa GSX-R750: farasi kama 100, kilo 176 bila mafuta. Hiyo ilikuwa karibu mashine ya mashindano yenye taa na namba. Mwaka 1992 ikaja Fireblade ya Honda. Mwaka 1998 Yamaha wakajibu na R1, farasi 150. Na 1999 wakatoa ndugu yake mdogo, R6, 600cc, farasi 120.

"Mdogo." Hilo neno ndilo linatudanganya. Mtu anasikia 600 akiweka kando ya 1000, anasema basi hiyo ni ya kuanzia. Lakini 600 haikutengenezwa iwe darasa la kwanza. Ilitengenezwa kwa sababu kulikuwa na mashindano ya 600, na kila kampuni ilitaka kushinda hapo. Ni kama kusema bondia wa uzito mdogo ni wa kufanyia mazoezi juu ana kilo chache.

Farasi 120 dhidi ya 12. Mara kumi. R6 kwa gia ya kwanza pekee inaweza kupita kilomita 100 kwa saa, na sheria yetu ya mjini ni 50. Maana yake hapa Nairobi, kisheria, hautawahi kumaliza gia ya kwanza. Na injini yake ni ya ajabu: chini ni pole kama mwanafunzi mgeni, unadhani umeizoea, halafu ukifika juu inaamka na kukunyakua mikono. Breki zake nazo ni za mtu aliyefunzwa kuminya kwa vidole viwili. Ukizikaba kwa uoga, kama mimi, zinafanya kazi yao vizuri kuliko unavyoweza kuvumilia.

Wenyewe walijiwekea ngazi

Kitu kilichonishangaza zaidi ni hiki. Nchi zilizotengeneza na kununua hizi mashine hazikumwachia kila mtu aanze popote.

Japan, tangu 1975, waligawa leseni na kuweka ukuta kwenye 400cc. Kupita huo ukuta ulihitaji mtihani mwingine, na ulikuwa mgumu kweli kweli kwa miaka ishirini, hadi 1996 walipolegeza. Ndiyo sababu Wajapani walitengeneza nduthi nyingi tamu za 250 na 400 zenye sura ya mbio. Vijana wao walikuwa wanataka ile sura, sheria ikawaambia sawa, lakini kwa ukubwa huu kwanza.

Ulaya, tangu Januari 2013, wana ngazi pia: kuna leseni ya kati ambayo haikuruhusu kupita kilowati 35, yaani farasi 47 hivi. Ukae nayo miaka miwili kabla ya kupanda juu, au ungoje ufike miaka 24 ndipo uende moja kwa moja. R6 hapo hata hauiulizii bei.

Sasa rudi kwetu. Mstari wetu wa 250cc wa 2008 tuliuchora wapi? Kwenye ushuru. Uliamua nani ataweza kununua nduthi, na hiyo ilikuwa nzuri, iliajiri watu. Lakini haukuamua nani yuko tayari kwa ipi. Kisha mashine zenyewe zikaanza kufika kutoka Japan na Uingereza, zikiwa zimetumika, kupitia Mombasa, kwa watu wenye pesa kwanza. Wakazichoka, wakauza. Waliofuata wakauza. Kila mkono zinashuka bei, na kila zikishuka bei zinamfikia mtu ambaye ana uzoefu kidogo na mavazi kidogo kuliko wa kabla yake. Mashine ilisafiri hadi Kawangware. Ngazi ilibaki bandarini.

Na wanaozitangaza ni sisi. Wacha niseme ukweli, video yangu iliyotazamwa zaidi ni mimi nikiwa Southern Bypass asubuhi ya Jumapili, kofia ya bei, sauti ya injini imeongezwa. Hakuna video ya mtulinga.

Hata Yamaha waliwahi kurudisha maneno

Kuna kitu kimoja kuhusu R6 ya mwaka wangu, 2006, ambacho muuzaji wangu hakuniambia, labda hakujua. Ilipotoka, Yamaha walitangaza kwamba injini yake inazunguka hadi mara 17,500 kwa dakika. Ilikuwa kwenye matangazo, ilikuwa kwenye dashibodi. Watu wakaingia wazimu. Wachunguzi walipopima wakakuta kompyuta ya injini inaikata kwenye 16,200 hivi. Mshale ulikuwa unasoma juu kuliko ukweli.

Februari mwaka huo Yamaha walikubali, na wakajitolea kununua tena R6 kutoka kwa mteja yeyote ambaye hakuridhika.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hapa kizuri chenyewe kilikuwa kimeongezwa chumvi. Nduthi ilikuwa bado moto hata kwa 16,200, hakukuwa na haja ya kudanganya. Nilisoma hiyo nikiwa kitandani, nikafungua tangazo langu, nikaangalia zile herufi: "inafaa hata mtu anaanza." Kama kampuni kubwa iliweza kurudisha maneno, mimi ni nani?

Nikafuta. Nikampigia chali wa Makina.

Nani anaanza?

Alikuja Jumamosi, na Boxer yake, imeandikwa jina la mama yake kwa mudguard. Nikamweleza yote niliyowaambia hapa. Nikamwonyesha bega. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii haikufai kuanzia."

Hakukasirika haraka. Alizunguka nduthi mara mbili, akagusa cheni, akainama kuangalia kama kuna mafuta yanavuja. Halafu akaniambia kitu ambacho kimekataa kunitoka:

"Bro, mimi nimebeba watu watatu na tope usiku Laini Saba miaka mitatu. Wewe umebeba nani? Kati yetu wawili, nani alikuwa anaanza?"

Maze, nilikosa la kusema. Alikuwa sawa. Anasoma barabara kuliko mimi. Anajua mama wa toroli ataingia kabla hata yeye mwenyewe hajaamua. Mimi niliingia kwa R6 bila kuwahi kuendesha kitu kingine, na hakuna mtu aliniambia sistahili, juu nilikuwa na simu nzuri na pesa mkononi. Yeye ndiye ananyimwa, na mtu aliyenunua alipokuwa mbovu kumliko.

Kwa hivyo nikabadilisha maneno. Sikusema tena kama anafaa ama hafai. Nikamuuliza hesabu. Pesa zinatoka wapi? Akasema 200,000 amekopa kwa chama, zingine atapata akiuza Boxer na akiongezea akiba. Na kazi? Akanyamaza.

Hapo ndipo hatari kubwa ilikuwa, na hata mimi nilikuwa sijaiona nikisoma kuhusu farasi na kilowati. R6 haibebi abiria wa mia. Haiingii Gatwekera. Kwa jam ya Ngong Road inachemka hadi mapaja yanaungua. Boxer inakunywa kidogo inarudisha kila jioni. R6 inakunywa, inataka mafuta ya injini ya bei, tairi moja ni mshahara wa mtu, na haileti hata mkate. Angeuza kinachomlisha anunue kinachokula, na deni la chama liko palepale. Mtulinga hupona kwa wiki kadhaa. Chama hakingoji.

Akaniambia, "Najua. Lakini nimechoka kuwa mtu wa boda tu."

Hiyo sentensi haina jibu la historia. Ama labda iko nalo. Labda ndiyo sababu hizi mashine zimetufikia: hazituuzii mwendo, zinatuuzia kuangaliwa kama mtu mwingine kwa dakika tano. Mimi nilinunua R6 nikitoka kuwa mtu aliyeacha chuo. Nilitaka mtaa uniite kitu kingine.

Nilimwambia kwamba kama anataka hiyo njia ya mbio kweli, kuna milango mingine. Jamhuri Park, hapo tu ng'ambo kutoka Kibera, kumekuwa na mashindano ya motocross miaka mingi. Kuna 250 zilizotumika ambazo hazitamlazimu auze Boxer. Alisikiliza kwa adabu, venye mtu husikiliza mtu asiye na njaa. Akawasha Boxer akaenda.

Ilivyoisha

Niliuza R6 kwa 415,000, chini ya nilivyotaka, kwa mzee wa miaka arobaini hivi ambaye ameendesha nduthi kubwa tangu zamani. Tangazo jipya lilisema: "Imeanguka mara moja, upande wa kulia, plastiki imebadilishwa. Haifai mtu anaanza. Sababu ya kuuza: mimi nilikuwa naanza." Simu zilipungua, lakini waliopiga walikuwa watu wa maana. Tulibadilisha umiliki kwa mtandao wa NTSA siku hiyo hiyo kabla sijapeana funguo, na wewe ukiuza fanya hivyo, juu nduthi ikifanya mambo na jina lako bado liko kwa logibuku, wewe ndiwe wa kutafutwa.

Jumanne iliyopita chali wa Makina alinipigia. Amepata mtu mwingine, mtaa mwingine, anauza 600 ya kampuni nyingine, bei nafuu kuliko yangu, na tangazo linasema inafaa hata mtu anaanza. Nilifikiri anaringa. Kumbe alikuwa na swali.

"Nikienda kuiona, niangalie nini?"

Tuliongea saa nzima. Nikamwambia aangalie namba ya chasisi kama inafanana na logibuku. Aangalie ncha za usukani na vifuniko vya injini kama zina mikwaruzo. Aiwashe ikiwa baridi, asikubali imepashwa moto kabla afike. Asiuze Boxer kwanza. Na amuulize huyo muuzaji swali ambalo mimi sikuuliza: wewe mwenyewe, ulianguka lini?

Hakuniambia kama atanunua. Jioni alikuja kwangu Kawangware, akachukua jaketi langu la kuendeshea, lile lenye alama ya lami begani. Nilikuwa nimepanga kuliuza pia, 9,000. Nilimpa tu.

Alilivaa akiwa juu ya Boxer, akafunga zipu hadi shingoni, akateremka kuelekea Ngong Road na abiria nyuma.